Pombe ya Chico: Jinsi Kiwanda Kidogo Kilivyokua

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Kiongozi wa darasa ayaandike maneno haya ubaoni kabla ya kuanza: rasilmali, kimea, hamira, upishi, pipa, gharama, faida, hasara, mkopo, mshirika.

MWALIMU: Hamjambo, wasikilizaji. Hamjambo ninyi mlioketi darasani na daftari mkononi, na ninyi mnaosikiliza nyumbani baada ya kazi za mchana. Karibuni katika somo letu.

Katika somo lililopita tulizungumza juu ya duka, tukaona kwamba fedha ya duka na fedha ya mfukoni ni vitu viwili. Leo tutatoka dukani twende kiwandani. Swali letu ni hili: watu wawili wana ufundi mzuri wa namna moja. Kazi ya mmoja yakua, na kazi ya mwingine yafa. Kwa nini?

Tutajibu swali hilo kwa habari za kweli za viwanda vidogo vya bia katika nchi ya Marekani. Najua wengi wenu hamnywi pombe, wengine kwa ajili ya dini, wengine kwa hiari yenu. Somo hili halimwiti mtu anywe. Tutaitazama kazi ya kupika bia kama ambavyo tungeitazama kazi ya kuoka mikate au ya kushona nguo. Hesabu za kazi ni zile zile.

Mji na kijana

Chico ni mji ulio kaskazini mwa jimbo la California. Katika mwaka 1980 ulikuwa na watu kama elfu 26 tu. Kando yake yako mashamba ya lozi, na ndani yake kuna chuo kikuu. Haukuwa mji wa viwanda vikubwa.

Kijana mmoja jina lake Ken Grossman alihamia huko. Alikuwa fundi wa baiskeli, na alisoma kemia. Tangu ujana wake alipenda kujipikia bia nyumbani. Mwaka 1976 alifungua duka dogo mjini Chico la kuwauzia watu vifaa vya kupikia nyumbani: shayiri, hamira, mitungi, na maua ya mmea uitwao hopsi.

Kupata hopsi haikuwa rahisi. Wafanya biashara wa hopsi walizoea kuuza marobota makubwa kwa viwanda vikubwa, wala hawakuwa na haja ya mtu wa duka dogo. Basi Grossman alisafiri mpaka Yakima, katika jimbo la Washington, hopsi inakolimwa, akawaomba wamwuzie vile vipande vidogo walivyovikata ili kuwaonyesha wanunuzi. Hivyo alipata bidhaa nzuri kwa kiasi alichokiweza. Wekeni jambo hilo akilini: mwenye fedha kidogo hutafuta mlango mdogo.

Bia hupikwaje?

Waliokwisha kuona pombe ya ulezi ikipikwa watafahamu upesi, maana njia zafanana.

Kwanza, shayiri hulowekwa majini mpaka ichipue. Kisha hukaushwa. Shayiri iliyochipua ikakaushwa ndiyo kimea. Kimea husagwa, huchanganywa na maji ya moto yasiyochemka, na huachwa kwa muda. Wakati huo unga wa nafaka hugeuka kuwa sukari. Maji matamu hayo huchujwa, hutiwa katika chungu kikubwa, na huchemshwa pamoja na hopsi. Hopsi huipa bia uchungu na harufu, tena huisaidia isiharibike upesi.

Baada ya kuchemka, maji hupozwa na kutiwa hamira. Hamira ni kitu chenye uhai, kidogo mno hata jicho halikioni. Mwanzoni huhitaji hewa ili iongezeke. Kisha hula sukari na kutoa kileo na povu. Hamira ikikosa hewa, au joto likizidi, au chombo kikiwa kichafu, kazi yote huharibika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya mpishi wa bia ni kuosha vyombo.

Waliotangulia

Kuanzia mwaka 1920 mpaka 1933 sheria ya Marekani ilikataza pombe isitengenezwe wala kuuzwa. Viwanda vingi vilifungwa. Sheria ilipoondolewa baadhi vilirudi, lakini kwa muda wa miaka mingi vikubwa vilivimeza vidogo. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1970, nchi ile kubwa ilikuwa na viwanda vya bia visivyotimia 100, na bia zao zilikaribia kufanana ladha.

Mwaka 1965 mtu mmoja aitwaye Fritz Maytag alinunua kiwanda cha zamani cha San Francisco kiitwacho Anchor, ambacho kilikuwa karibu kufungwa. Alikisafisha, akakitengeneza upya, na kikapona. Watu wakaona kwamba bia ya namna nyingine ingeweza kupata wanunuzi.

Mwaka 1976 Jack McAuliffe, aliyekuwa zamani katika jeshi la majini, alianzisha kiwanda kidogo kabisa katika mji wa Sonoma. Alikiita New Albion. Hakuwa na fedha nyingi, kwa hiyo alijenga mitambo yake kwa vyombo vikuukuu alivyovikusanya na kuvigeuza. Bia yake ilisifiwa. Watu walitoka mbali kwenda kuiona kazi yake, na Grossman alikuwa mmoja wao.

Lakini mwaka 1982 New Albion ilifungwa. Fundi alikuwa hodari, bia ilikuwa nzuri, na wanunuzi walikuwapo. Kiwanda kilikufa kwa sababu gani?

Hesabu ya vyungu viwili

Sasa shikeni kalamu. Pipa la bia la Kimarekani huchukua lita 117 hivi. Kila upishi mmoja wa New Albion ulitoa pipa moja na nusu. Zidisheni 117 kwa moja na nusu. (Kiongozi wa darasa asimame kidogo hapa.) Jibu ni kama lita 175.

Grossman alikwenda, akaona, akapiga hesabu. Aliporudi Chico kuanza kiwanda chake alijenga mitambo ya kutoa mapipa 10 kwa upishi mmoja. Zidisheni 117 kwa 10. Jibu ni lita 1,170.

Sasa tutunge mfano. Hizi si hesabu zao, ni za kujifunza tu. Tuseme kila lita ikiuzwa, baada ya kuondoa bei ya nafaka na chupa, hubaki shilingi 100. Tuseme pia chungu kidogo kina gharama za shilingi 20,000 kwa siku, yaani kodi ya nyumba, kuni na mshahara. Chungu kikubwa kina gharama mara mbili, yaani shilingi 40,000.

Chungu kidogo: lita 175 mara shilingi 100 ni shilingi 17,500. Ondoeni gharama 20,000. Hasara ni shilingi 2,500.

Chungu kikubwa: lita 1,170 mara shilingi 100 ni shilingi 117,000. Ondoeni gharama 40,000. Faida ni shilingi 77,000.

MWANAFUNZI: Mwalimu, kwa hiyo yule wa chungu kidogo, kila akipika anapoteza?

MWALIMU: Ndiyo, Mama. Na hata akipika kila siku bila kupumzika, hasara yake itakuwa kila siku. Juhudi haiwezi kuiondoa hasara iliyo ndani ya hesabu yenyewe. McAuliffe alijua kwamba alihitaji kiwanda kikubwa zaidi, lakini hakupata watu wa kumpa rasilmali. Mabenki hayakuwa yamezoea kazi ya namna ile. Hivyo alifungua njia, na wengine wakapita.

Kuanza kwa kiwanda

Grossman alipata mshirika, Paul Camusi, ambaye naye alikuwa mpishi wa bia ya nyumbani. Walikopa fedha kwa wazazi, ndugu na marafiki. Walipanga bei ya kila kitu, lakini kama mtu yeyote aliyepata kujenga nyumba ajuavyo, fedha waliyoikadiria haikutosha. Kabla ya kuuza chupa ya kwanza walikuwa wametumia karibu dola laki moja. Hebu fikirini: fedha ile ilikuwa jasho la wazee wao. Kazi ikianguka, hasara isingekuwa yao peke yao.

Hawakuweza kununua mitambo mipya. Walinunua matangi ya kiwanda cha maziwa yaliyokwisha kutumika, na mashine kuukuu ya kutilia soda katika chupa. Grossman alijifunza kuchomelea vyuma ili ageuze vyombo hivyo kwa mikono yake mwenyewe. Kiwanda wakakiita Sierra Nevada, kwa jina la milima iliyo mashariki mwa mji wao.

Tarehe 15 Novemba 1980 walipika upishi wao wa kwanza. Baadaye walianza kupika bia ambayo ingekuwa bidhaa yao kubwa, yaani Pale Ale. Waliitilia hopsi ya aina ya Cascade, mbegu iliyotolewa kwa wakulima huko Marekani mwaka 1972, yenye harufu kama ya balungi. Wakati ule bia nyingi za nchi ile hazikuwa na harufu ya namna hiyo.

Lakini upishi wa kwanza wa bia hiyo haukuwaridhisha. Si kwamba haikunyweka. Shida ni kwamba ladha haikuwa ile waliyoitaka, na upishi mmoja haukufanana na mwingine. Hamira ilifanya kazi vizuri leo na vibaya kesho. Walirekebisha, wakapika tena, wakaonja, wakaimwaga. Wakapika tena, wakaimwaga. Walimwaga kama mara 10.

Pigeni hesabu. Upishi mmoja ni lita 1,170. Mara 10 ni lita 11,700. Hizo zote zilikwenda katika mfereji wa maji machafu, na deni la wazazi lilikuwa lingali palepale.

MWANAFUNZI: Mwalimu, mimi ningaliiuza. Ningaliiuza kwa bei rahisi nipate walau fedha ya nafaka.

MWALIMU: Wengi wetu tungalifanya hivyo, Mama, na pengine siku ile tungalipata fedha kidogo. Lakini tazama itakavyokuwa. Mtu amenunua chupa yako ya kwanza, hakupenda. Kesho umetengeneza nzuri. Je, atarudi kuionja? Hatarudi. Atasema, "Bia ya wale naijua." Na aliyeipenda akinunua tena akakuta ladha nyingine, atasema umemdanganya. Mwoka mikate anajua jambo hilo, na mshona nguo analijua. Mteja hanunui kitu kizuri mara moja. Hununua ahadi kwamba kesho kitakuwa kama leo.

Basi walimwaga mpaka wakapata upishi mmoja mzuri, na wa pili uliofanana nao, na wa tatu. Ndipo wakauza.

Kukua kwa hatua

Mwanzoni walifanya kila kazi wenyewe: kupika, kuosha, kutia katika chupa, na kupeleka kwa wanunuzi. Hawakuwa na fedha za matangazo. Bia ilitangazwa na vinywa vya wanywaji. Wanafunzi wa chuo cha Chico waliokwenda kukaa katika miji mingine waliiulizia huko. Wenye mikahawa ya mji wa Berkeley na San Francisco wakaanza kuinunua.

Serikali nayo ilikuwa imesaidia kidogo. Mwaka 1976 kodi ya viwanda vidogo ilipunguzwa kutoka dola 9 mpaka dola 7 kwa pipa, kwa mapipa 60,000 ya kwanza ya kila mwaka. Dola mbili ni kitu kidogo? Zidisheni kwa mapipa 1,000. Ni dola 2,000, na kwa kiwanda kichanga hizo ni fedha nyingi.

Baada ya miaka michache mitambo ya mapipa 10 haikutosha. Grossman alikwenda Ujerumani, akakuta vyungu vya shaba vya kiwanda kilichofungwa, vyenye kupika mapipa 100 kwa mara moja. Alivinunua, vikapakiwa melini mpaka Marekani. Lakini fedha za kujenga nyumba ya kuviweka hazikuwapo. Vyungu vile vikakaa miaka kadhaa bila kutumika. Wengine wangaliviuza. Yeye alingoja, akaendelea kupika katika vyombo vyake vya zamani, mpaka mauzo yakawa makubwa na benki ikakubali kumpa mkopo. Kwa hiyo kiwanda kipya kilijengwa huko huko Chico mwishoni mwa miaka ya 1980.

Tazameni utaratibu wake. Hakujenga kwanza kisha akatafuta wanunuzi. Wanunuzi walitangulia, nyumba ikafuata.

Shida za kukua

Msidhani kwamba mtu akikua shida zake hupungua. Hubadilika tu.

Shida ya kwanza ilikuwa ya ushirika. Washirika wawili walioanza pamoja kwa umaskini hawakuona njia moja baada ya kufanikiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Grossman alinunua sehemu ya Camusi, na kwa jambo hilo ilimbidi akope tena fedha nyingi. Lakini kiwanda hakikuuzwa kwa kampuni kubwa, bali kilibaki mikononi mwa jamaa ya Grossman.

Shida ya pili ilikuwa umbali. Bia ni maji, na maji ni mazito. Kuisafirisha toka Chico mpaka upande wa mashariki wa Marekani ni safari ya kilometa zipatazo 4,000, na gharama ya mafuta hula faida. Basi mwaka 2014 walifungua kiwanda cha pili katika mji mdogo wa Mills River, jimbo la North Carolina, upande wa mashariki. Katika miaka hiyo ya katikati ya 2010 walipita mapipa milioni moja kwa mwaka. Kumbukeni walianza na mitambo ya mapipa 10 kwa upishi mmoja.

Shida ya tatu haikutoka kazini. Mwezi wa Novemba 2018 moto mkubwa wa msituni uliteketeza mji wa Paradise, ulio karibu na Chico. Watu 85 walikufa, na maelfu ya nyumba yaliungua. Baadhi ya wafanyakazi wa kiwanda walibaki bila makao. Kiwanda kilipika bia moja ya msaada, wakaiita Resilience, maana yake uvumilivu wa mtu anayeanguka akainuka. Wakatoa mapishi yake bure kwa viwanda vingine, wakawaomba wapike na fedha ya mauzo itolewe kwa waliounguliwa. Viwanda zaidi ya 1,400 vilikubali. Kwa kawaida vilishindana sokoni, lakini siku ya msiba vilisaidiana.

Tena kukua si kinga ya milele. Kile kiwanda cha Anchor cha San Francisco, ambacho Maytag alikiokoa, aliwauzia wengine mwaka 2010, na mwaka 2017 kikanunuliwa na kampuni ya Kijapani, Sapporo. Mwaka 2023 kilifungwa, kingawa kilikuwa kimeishi zaidi ya miaka 120. Na hayo yalitokea wakati Marekani ilikuwa na viwanda vya bia zaidi ya 9,000. Njia iliyokuwa nyembamba imejaa watu, na ushindani umekuwa mkali.

Tujumlishe

Sasa turudi kwenye swali letu. Watu wawili wana ufundi wa namna moja. Kwa nini mmoja hukua na mwingine hufa?

Kwanza, yule anayekua hupiga hesabu kabla ya kununua vyombo. Hujua ni kiasi gani lazima atoe ili gharama zirudi.

Pili, hujifunza kwa aliyetangulia. Grossman hakumcheka McAuliffe. Alikwenda kwake kujifunza.

Tatu, hukubali hasara ya leo ili alinde jina lake la kesho. Zile lita 11,700 zilizomwagwa zilikuwa bei ya kuaminiwa.

Nne, hupanua kazi kwa hatua, wanunuzi wakitangulia.

Na neno la tano, tusilisahau: hata mwenye akili zote hizo huhitaji mtu wa kumpa rasilmali kwa wakati wake. Grossman alikuwa na wazazi na marafiki wa kumkopesha, na baadaye benki. McAuliffe hakupata. Kwa hiyo tukimwona fundi ameanguka, tusiseme upesi kwamba alikuwa mvivu au mjinga. Na tukiwa wengi, tunaweza kuwa rasilmali ya sisi kwa sisi. Ndiyo maana watu wamebuni vyama vya ushirika na vya kuweka na kukopa.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kiwanda cha New Albion kilifungwa mwaka gani? Elezeni sababu yake kwa maneno yenu wenyewe.

2. Chungu kinatoa mapipa 4 kwa upishi mmoja. Pipa moja ni lita 117. Upishi mmoja ni lita ngapi? Upishi wa mara 6 je?

3. Kila lita hubakiza shilingi 100. Gharama za siku ni shilingi 30,000. Kwa chungu cha swali la 2, mkipika mara moja kwa siku, mtapata faida au hasara? Ya shilingi ngapi?

4. Taja kazi moja ya hapa kwenu: kusaga nafaka, kufuma vikapu, kufyatua matofali au nyingine. Je, kazi hiyo yapaswa kutoa kiasi gani kwa siku ili gharama zirudi?

5. Kama ungalikuwa mzazi aliyemkopesha Grossman fedha, ukasikia anamwaga bia, ungalimwambia nini?

Swali la tano halina jibu moja. Zungumzeni kwa utaratibu, kila mtu apewe nafasi, kisha mwandishi wa darasa aandike maoni yenu katika mistari mitano au sita.

Somo lijalo litakuwa juu ya mkopo: jinsi ya kuusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Leteni kalamu na daftari. Kwa herini, wasikilizaji. Usiku mwema.